Binti Mpaka Chokaa na Jini wa Rangi Mbichi

Zamani, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na Sultani akiitwa Ghalibu bin Tawfiki, naye akiutawala mji wa Rakhama, mji wenye minara sabini na bustani zisizo idadi, na mwenye kunibishia minara na aende akaihesabu mwenyewe, aniache niseme. Na mji huo ulikuwa na ada ambayo haikupata kuwako katika mji mwingine wowote: kila siku ya kwanza ya mwaka, Waziri Shadadi hupanda juu ya dari ya kasri, na tarumbeta zikalia, na akateremsha ukutani kitambaa kirefu cha hariri, na rangi ya kitambaa kile ndiyo huwa rangi ya mwaka. Ikishuka zafarani, basi mji mzima hugeuka zafarani, kuta na mapazia na mazulia na mito ya kuegemea, hata chandarua cha mtoto mchanga. Na mwaka wa pili kikishuka kijani, zafarani huwa aibu, na aliyechelewa kubadilisha wageni huupita mlango wake mbio kama nyumba yenye ndui. Ni ujinga, nami siuzungushi. Lakini watu waliupenda, na siku ya kitambaa walikesha barabarani wakipigiana vigelegele.

Basi mwaka mmoja kikashuka kitambaa cha zambarau, na Sultani akaamuru chumba cha mwanawe wa pekee, Muhsini, kipakwe rangi hiyo siku iyo hiyo. Na Muhsini, kijana mwenye adabu na sura njema, alikuwa na taabu iliyomuumiza babake kuliko vita: miaka mitatu hakuweza kulala chumbani mwake, kila akipakiwa rangi mpya hutoka, akaenda kujinyoosha juu ya majani makavu katika banda la farasi.

Akaitwa Fumo, mpaka chokaa aliyewapita wote kwa ustadi, mtu mzima mwenye vidole vilivyochujuka kwa kazi. Fumo akatazama kuta nne, akatazama dirisha moja lililoelekea migomba ya bustanini, akaweka ndoo chini.

"Ewe Sultani, Mungu akuzidishie umri," akasema, "chumba hiki hakitaki zambarau. Mwanga wake hupita kwenye majani kwanza, ukiingia humu umekwisha kuwa wa kijani, na zambarau itaonekana kama ini lililolala juani. Mimi siipaki."

Waziri Shadadi akapiga makofi. "Umesikia, Maulana? Leo mpaka chokaa anamfunza Sultani kuona!"

Na Sultani akaghadhibika, akasema, "Ee Fumo, kama umejua kisichotakiwa, basi unajua kinachotakiwa. Leo ni Jumanne. Ijumaa, adhana ya adhuhuri itakapolia, mwanangu akiwa ndani ya chumba hiki kwa hiari yake, utakwenda zako na heshima yako. Akiwa kwa farasi, mkono wako wa kulia utabaki hapa kasri."

"Na afungwe asitoroke, Maulana," akasema Waziri, "kazi aifanye yule binti yake anayejigamba mjini kuwa hodari."

Na binti huyo alikuwa Mishi, umri wake miaka ishirini, aliyefundishwa kazi na babake tangu hajajua kufunga kilemba cha vumbi, mwenye ulimi usiojua kukunja kona. Akakimbia hadi dirisha la gereza.

"Baba! Nipake nini?"

"Usikimbilie rangi, mwanangu. Kaa na chumba kwanza."

"Siku tatu, baba! Nikae? Nitakaa nikiwa bibi kizee!"

"Mishi. Kaa na chumba."

Lakini hakukaa. Aliingia chumbani siku ya Jumatano jua halijachomoza vizuri, akashika kikwanguo, akaanza kukwangua, maana ukuta hauvikwi nguo mpya juu ya matambara. Na chini ya kijani akakuta zafarani, na chini ya zafarani nyekundu, na chini ya nyekundu samawati, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, kila tabaka mwaka, kila mwaka kitambaa. Na alipofika kwenye kidaka, lile tundu la ukutani la kuwekea mapambo, kikwanguo kikagonga kitu kikalia ngwe! Akabomoa chokaa, akaona chungu kidogo kilichozibwa kwa lakiri, na kwa hasira ya kucheleweshwa akakivunja shingo.

Ukatoka moshi wa rangi saba, ukapanda, ukakusanyika, na tazama, ni jini mkubwa kama mnara, ameinama asitoboe dari, na ndevu zake zadondosha matone ya nili.

"Labeka, bibi yangu!" akanguruma jini. "Mimi ni Zirikani, mtumwa wa rangi, niliyefungwa humu miaka mia! Niamuru! Lakini kwanza nihurumie, nijibu hili moja: siku hizi watu wanapaka nini?"

"Zambarau."

"Zambarau!" Jini akashika kichwa. "Enzi zetu zambarau hatukumpaka hata punda! Miaka mia tu sipo, na dunia imeharibika!"

"Nyamaza, mzee. Mkono wa baba yangu uko hatarini. Una rangi gani?"

Subhana, heri angeuliza nyota ni ngapi! Jini akafungua viganja, na zikamiminika: rangi ya shingo ya njiwa, na rangi ya dodo linapoanza kuiva bega moja, na rangi ya ndani ya komamanga, na kijani cha mgongo wa kasa wa baharini, na nyingine ambazo lugha haijazipa jina na wala haitazipa. Na Mishi, aliyeijua kazi barabara, akaisahau kazi, moyo ukamwenda mbio, macho yakalewa, na jini alipomwonyesha waridi la alfajiri, akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo hiyo! Paka!"

Jini akapuliza mara moja. Kuta nne zikawaka waridi, bichi, linalong'aa, kana kwamba jua limezaliwa chumbani. Na Mishi akacheka kwa furaha, na jini akacheza, na mtumishi akatumwa mbio kumwita Muhsini.

Sasa, kila mpaka chokaa anajua, hata yule mbovu, kwamba rangi ya chokaa ikiwa mbichi inakudanganya na ikikauka ndipo inasema kweli. Lakini waliolewa nani awakumbushe? Muhsini alipofika ilikuwa adhuhuri, na waridi limekwisha kukauka, na kijani cha migomba kimeingia dirishani. Na kuta zile zikawa na rangi ya ufizi wa mzee asiye na jino.

Muhsini akatazama. "Kazi... kazi ni nyingi," akasema kwa adabu, akageuka akarudi kwa farasi.

Mishi akaketi sakafuni, na akaiona kwa mara ya kwanza ile Ijumaa ikimjia kama mtu anayetembea. "Umeniponza, Zirikani."

"Mimi? Mimi nilipaka, ikapendeza, nikafurahi! Hapo ndipo kazi ya jini inapokoma. Kilichotokea baadaye sikijui."

Akasimama, akajipangusa, akaenda hadi banda la farasi, akamkuta Muhsini amejilaza, kofia usoni.

"Bwana wangu, nisamehe, mimi sijui kuzunguka. Kwani huku kuna nini?"

Muhsini akaondoa kofia. "Miaka mitatu nimeletewa matabibu tisa na mganga mmoja, na hakuna aliyeniuliza hivyo."

"Basi nimekuuliza. Jibu, mkono wa baba yangu unangoja."

"Ukuta wa huku haunidai kitu," akasema taratibu. "Chumba changu hupakwa ili mgeni akiingia ashangae. Mgeni hushangaa, akaenda kwao akalala. Mimi hubaki na kile cha kushangaza, kinanikodolea macho mpaka kuche."

Mishi akamtazama, na neno la babake likamwingia kifuani. Akasema, "Kesho alfajiri uje chumbani. Hutapakiwa kitu. Utakaa tu."

Na Alhamisi wakakaa. Mishi alikwisha kuzirudisha kuta kuwa nyeupe, na juu yake alikuwa amepaka alama ndogo za upana wa kiganja, rangi ishirini, kila rangi mara nne, moja kila ukuta, maana rangi moja kwenye kuta nne ni rangi nne, na asiyeamini na apake kwake aone. Wakaketi mkekani watatu, binti na mwana wa Sultani na jini aliyejikunja kama zulia.

"Tunangoja nini?" akauliza Zirikani baada ya muda.

"Zikauke."

"Zikauke! Bibi yangu, nina miaka elfu saba, na sijapata kukaa kutazama rangi ikikauka!"

"Ndiyo maana umefikisha elfu saba na hujajua rangi."

Muhsini akacheka, na lilikuwa cheko lake la kwanza chumbani humo. Jini akanuna, akatazama, akatazama tena, mara akaruka kichwa kikagonga dari. "Imehama! Hii! Ilikuwa samawati, sasa ni majivu! Na ile pale imeamka! Wallahi, kumbe ni vitu hai!" Na tangu hapo hakutulia, kila jua likisogea kidole yeye hupiga kelele, "Tazameni, tazameni!" kama mtu anayeangalia ngoma, na furaha yake ikawaambukiza, wakawa watatu wakitambaa ukuta hadi ukuta, wakishindana nani ataona badiliko kwanza.

Na kila saa Mishi akafuta zilizofeli. Asubuhi zikafa tano, adhuhuri tisa, na alasiri ikamkuta Muhsini amesimama mbele ya alama moja, ameiwekea kiganja kama mtu anayepima homa ya ndugu yake.

"Hii," akasema. "Asubuhi ilikuwa kama uji wa mtama. Adhuhuri kama mkate. Sasa ni asali. Na hainiulizi kitu."

"Ni nini hiyo?" akauliza jini.

"Udongo wa kichuguu, na chokaa."

"Kichuguu! Nimefungwa miaka mia, nikafunguliwa, nipake kichuguu?"

"Ndiyo. Koroga."

Akakoroga akinung'unika, na wakapaka kwa brashi za mkonge, mkono kwa mkono, hakupuliza. Kidaka peke yake Mishi akakitia nili nzito, ili jicho lipate pa kutua. Na ile zambarau ya mwaka hakuitupa, maana haikumkosea. Akashona mto mmoja wa kuegemea, akauweka kwenye kiti. Muhsini akashangaa.

"Mtindo huu wa Waziri?"

"Mto, bwana wangu, ukikuchosha unabadilisha foronya. Ukuta ukikuchosha unahamia kwa farasi."

Kulipopambazuka Ijumaa kuta zimekauka. Na kabla ya adhuhuri Sultani akaja, na Waziri Shadadi, na mwenye upanga, na Fumo katikati yao amefungwa minyororo, na mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe kama ilivyo ada. Mishi alikuwa amesimama mlangoni.

Waziri akachungulia, akaangua kicheko. "Kichuguu! Maulana, wamempakia mwana wa Sultani nyumba ya mchwa! Twende bandani tukamchukue, tumalize."

"Ingieni kwanza," akasema Mishi. "Na mtembee polepole."

Sultani akaingia, akasimama papo hapo. Muhsini alikuwa amelala kwenye mkeka, mchana kweupe, mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa kama mtoto mchanga, na mwanga wa migomba ulikuwa umetulia ukutani kama maji. Sultani akamtazama mwanawe kitambo kirefu, miaka mitatu hajamwona akilala. Kisha akaketi, asimwamshe, akaegemea ule mto wa zambarau, akasema, "Nitangoja kidogo tu." Na Wallahi, naye akakoroma.

Ee jamaa, ingalikuwa heri mngaliiona sura ya Waziri! Kuwaamsha hathubutu, kuondoka hathubutu, na mwenye upanga ameuteremsha upanga, anapiga miayo. Fumo ananong'ona, "Mwanangu, ukuta wa mashariki umeupaka kwa mkono mwepesi sana," na Mishi anajibu kwa machozi na kicheko, "Baba, hata leo!" Na katika hali hiyo muadhini akapanda mnara, na adhana ya adhuhuri ikalia mji mzima, na mwana wa Sultani alikuwa chumbani.

Sultani akaamka, akajipangusa macho, akamfungua Fumo minyororo kwa mikono yake mwenyewe, akaubusu ule mkono wa kulia mbele ya watu wote. "Ewe binti," akasema, "omba utakalo, hata nusu ya milki."

"Maulana, nusu ya milki ni kuta nyingi mno. Nataka kila mtu wa Rakhama apake nyumba yake rangi aliyokaa nayo, si aliyoteremshiwa."

"Umepewa. Na mwenyewe je?"

Hapo Muhsini akainuka mkekani, nywele zimesimama. "Baba, mimi namtaka awe mke wangu, akiniridhia."

Mishi akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Bwana wangu, mimi sichagui kitu kibichi. Nitakutazama asubuhi, adhuhuri na alasiri, mwezi mzima, ukikauka tutasema."

Sultani akacheka hadi kilemba kikaanguka. Na mwezi ulipokwisha wakaoana, na karamu ikaliwa siku saba, na Fumo akafanywa mkuu wa mafundi wote wa milki, akapewa nyumba na mashamba na farasi wawili. Waziri Shadadi akapewa brashi, akaanza kujifunza kazi chini ya Fumo, na inasemekana hakuwa mbaya. Na jini Zirikani akaachwa huru, akakataa kwenda, akabaki mjini akiingia nyumba kwa nyumba kila palipopakwa upya, kukaa tu na kutazama.

Na mji wa Rakhama ukawa na rangi elfu, mlango huu na ule haifanani, na msafiri aliyeupanda mlima akauona kwa mbali alipiga kelele kwa furaha. Basi enyi wenye nyumba, mtindo si haramu, upeni nafasi ya mto mmoja. Ukuta muupe subira na moyo wenu, maana mgeni atashangaa saa moja, na wewe utaamka humo kila siku ya maisha yako. Nimesema kweli yangu, na asiyeipenda na apake zambarau.