Paja la Mto

Msiniulize nimesikia kwa nani. Nilikuwapo mwenyewe, nimekaa karibu na Simba hata akanikanyaga mguu, na radhi hakuniomba.

Mwaka ule mvua ilisahau njia. Fisi, mwenye makazi juu milimani, akauziba mto kwa magogo na mawe, akajipatia bwawa la kuogelea peke yake. Huku chini, katika nchi ya pili, mtoto wa Kiboko alinasa topeni, mgongo unampasuka kwa jua. Likaitishwa baraza la wanyama wa nchi zote mbili.

Fisi alikuja ametulia, maana sheria aliijua.

"Shangazi Kiboko," alisema, "bwawa liko nchini kwangu, na kwangu huna neno. Kama nimeukosea mto, basi mto na uje useme."

Simba akatikisa manyoya ya shingo kama aliyeyanunua jana. "Ndivyo sheria ilivyo. Asiye na kinywa hana shitaka."

"Kweli, Mfalme," alisema Sungura. "Lakini hata bibi harusi hukaa ndani kimya, walii wake akamsemea. Tuufanye mto mjumbe wa baraza, tuupe msemaji." Akapiga mwayo. "Shida ni desturi yetu. Kila mjumbe hupewa paja la nyama, na mto hauna meno. Itabidi msemaji ale kwa niaba yake."

Fisi hakukusudia kusimama. Pua ndiyo iliyotangulia, mwili ukafuata. Paja lilikuwa pale, juu ya jani la mgomba, linachuruzika mafuta.

"Mto ule ni mama yangu," alisema. "Nitamsemea mimi."

"Una hakika, kaka?" aliuliza Sungura. "Mla paja huapa kusema kweli. Akisema uongo, hulitapika."

"Lete, bwana. Maneno mengi ya nini?"

Baraza likakubali: mto ni mjumbe, na haki yake haikomei mpakani. Fisi akaapa, akala mpaka mfupa. Bado analamba midomo, Simba akakohoa.

"Haya, Mto. Una shitaka?"

"Hatuna, Mfalme. Tu wazima."

"Basi tapika," alisema Kiboko.

Fisi akashika tumbo. Kurudisha kilichokwisha kuingia humo, ukoo wake haujapata kufanya. "Kuna mmoja kaniziba," alinong'ona.

"Nani?"

"Jirani wa huko juu."

"Yukoje?"

"Ana mabakamabaka. Nafanana naye kidogo."

Simba akahukumu: aliyeziba azibue kwa meno yake, na msemaji wa mto asimamie kazi. Kutwa Fisi alikokota magogo, na kila alipoketi Sungura alimwuliza, "Bwana Msimamizi, mbona kibarua wako mvivu?" Jioni maji yakafika chini, mtoto wa Kiboko akaelea, akampiga mamaye chafya ya tope usoni.

Mla cha mwenzio na chako huliwa.

Yote niliyaona kwa macho yangu haya, isipokuwa lile jani la mgomba. Kule migomba haioti. Ila sikupenda kuwaandalia nyama mchangani.