Sauti ya Gari la Kiboko

Nabisha, wenyeji! Mpo?
— Tupo, ingia!
Nimebeba kisa, kizito kidogo.
— Kitue hapa katikati!
Kina kicheko ndani, ila kimelowa machozi.
— Tutakianika!

Basi sikilizeni.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na barabara moja, na barabara hiyo ilikuwa ya Kiboko. Hakuichimba yeye. Waliichimba Ngiri na wenzake, kwa meno na kwa kucha, wapate njia ya kwenda mashambani. Ilipokwisha, Kiboko akaja akalala katikati yake, akasema, "Hapa pananitosha." Nani wa kumwinua?

Kiboko alikuwa na tumbo, na tumbo lilikuwa na njaa. Mtu akichimba viazi, Kiboko huyo. Mtu akivuna mtama, Kiboko huyo. "Nimekuja kuonja tu," husema, kisha hufungua kinywa kama mlango wa ghala, gubu! Kikapu kizima kimekwenda.

Bahati ya watu ilikuwa moja. Kiboko alitembelea gari bovu la mafuta, na gari lile lilimtangaza. Gururu-gururu-pwaa! Gururu-gururu-pwaa! Likiwa bado ng'ambo ya mto watu walikwisha kulisikia. Walificha viazi, wakawatoa watoto njiani. Kiboko akifika, anakuta majivu jikoni na watu wanapiga miayo.

"Mbona kila nikija mmeshakula?"

"Bahati mbaya, Bwana Mkubwa."

Siku moja habari zikaenea: Bwana Kiboko anaundiwa gari jipya. La umeme! Refu, la chini, la kifahari. Halinywi mafuta, halitoi moshi. Fundi Nyani alizungusha boma la miiba, na humo ndani gari likafunikwa turubai kuanzia puani hadi mkiani. Hakuna aliyeruhusiwa kuliona.

Mnajua kitu kilichofunikwa kinavyowasha macho. Kila asubuhi watu walijaa nje ya boma, wakawa wanabahatisha.

Ngiri akasema, "Mimi nasema lina pembe mbele." Watu wakasema, "Eee!"

Kanga akasema, "Mimi nasema lina madoadoa." Watu wakasema, "Eee!"

Lakini aliyebahatisha kuliko wote alikuwa Maduhu. Maduhu alikuwa digidigi, swala mdogo kabisa, miguu kama njiti, masikio yanayosikia jani likianguka. Alilipenda gari lile kabla hajaliona. "Macho yake yatakuwa membamba," alisema, "kama ya paka anayesinzia. Na milango haitakuwa na vishikio. Utaigusa tu, inafunguka." Watu wakasema, "Eeeee!"

Jioni alirudi nyumbani kwa mkewe, Nyamizi, na binti yao mdogo, Kabula. Akalichora gari kwa kwato mavumbini.

"Hili ndilo gari?" Nyamizi akauliza. "Mimi naona sufuria."

"Sufuria! Mke wangu, tazama mgongo unavyoshuka."

"Naona. Sufuria imelaliwa."

Wakacheka, na Kabula akacheka kwa kuwa wao wanacheka. Digidigi huoana wawili tu, hawachanganyi, na hao wawili walipendana bila kuificha.

Asubuhi moja, umande haujakauka, Maduhu alitoka kula majani kando ya barabara. Asubuhi hiyohiyo Kiboko alilitoa gari kulijaribu, likiwa bado na turubai lake. Halikunguruma. Halikukohoa. Fyuuu. Ni hivyo tu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Masikio yale yanayosikia jani likianguka hayakusikia kitu.

Nyamizi alimkuta ukingoni mwa barabara. Hakuwa na jeraha kubwa. Jani lilikuwa bado mdomoni. Pembeni yake mavumbi yalikuwa na alama za matairi mapana, mapya, na kwenye mwiba wa mgunga kilining'inia kipande cha turubai.

Akaenda mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu nje.

"Bwana Mkubwa, gari lako limemuua mume wangu."

"Gari lipi?"

"Hilo jipya."

"Jipya halijatoka, mama. Uliza bonde zima. Wewe umeliona?"

"Sijaliona."

"Kuna aliyeliona?"

"Hakuna."

"Sasa kitu ambacho hakijatoka kitamgongaje mtu?" Kiboko akapumua, pwaaa! Maji yakamrukia Nyamizi usoni. "Pole kwa msiba. Nyinyi digidigi mna moyo mwepesi. Pengine alishtuka tu."

Nyamizi akarudi nyumbani amelowa. Hakujifuta, maana hakuna ambaye angejua yapi ni ya mtoni.

Watu wakaja msibani. Walikaa, walilia, walikunywa uji. Lakini siku ya pili Ngiri alimwinamia Kanga sikioni, akanong'ona jambo kuhusu taa za nyuma. Kanga akanong'ona kuhusu viti. Baadaye kidogo nusu ya msiba ilikuwa inabahatisha. Ngiri akasogea kwa mfiwa, akasema kwa upole kabisa, "Mama Kabula, samahani. Wewe uliziona alama za tairi. Upana wake ulikuwa kama nini?"

Nyamizi alimtazama. Ngiri akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitu chini.

Mwisho wa wote akaja Fundi Nyani. Hakuketi na wengine. Alikaa nyuma ya kibanda, mkia ameukunja chini yake, na Nyamizi alipompelekea uji hakuupokea.

"Shemeji, mimi sina la kusema," akasema. "Nikisema nitaliwa. Lakini nimechoka. Kila asubuhi mnapobahatisha, Bwana Mkubwa yupo nyuma ya boma, amelala topeni, anasikiliza. Mkisema viti vya manyoya, napigiwa kelele nitafute manyoya. Mkisema milango haina vishikio, nang'oa vishikio. Wivu wake hauna mwisho. Hataki kusikia duniani kuna gari la kifahari kuliko lake."

"Kila kinachosemwa unakitengeneza?"

"Kila kinachosemwa, mradi kiwe cha kifahari."

Nyamizi akamsogezea bakuli. Kisha akasema, "Kunywa uji wako, shemeji."

Msiba ulipokwisha, akajifunga kaniki, akampa jirani mtoto, akaenda penye boma. Watu walipomwona wakaacha kubahatisha. Walimpisha hadi mbele.

"Endeleeni," akasema. "Na mimi nimekuja kubahatisha. Mume wangu alibahatisha macho ya gari. Mimi nabahatisha sauti."

"Sauti?" Ngiri akasema. "Hili ni la umeme, Mama Kabula. Halina sauti."

"Ah. La Bwana Kiboko halina?" Nyamizi akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi maskini."

Nyuma ya boma tope likalia, chwata.

Nyamizi akashusha sauti, ili asikilizaye asogee. "Anayepita kimya ni mwizi. Anayepita kimya ni mgonjwa anayekwenda kwa mganga. Mkubwa akipita, nchi iambiwe. Nimesikia Kifaru, huko ng'ambo ya kilima, naye anaundiwa gari la umeme. Lake lina sauti."

Chwata, chwata. Tope lilikuwa limesogea hadi kwenye miiba.

"Inangurumaje?" Kanga akauliza.

"Haingurumi hata kidogo. Ngurumo ni za magari ya kizamani. Hii ni mluzi mwembamba, unatoka puani. Ziik! Ziik! Ziik! Watu wakiusikia tu, wote wanaondoka njiani kwa heshima."

Watu wakatazamana. Hakuna mtoto wa bonde lile asiyeujua mluzi huo. Ndio ambao digidigi huupiga akiona hatari, na maana yake ni moja: kimbia. Ngiri akafungua mdomo, "Lakini huo si ndio ule wa—" Kanga akamkanyaga mguu.

"Eee!" Kanga akapaza sauti. "Hicho ndicho cha kifahari!"

"Eeee!" wakaitikia wote, polepole, kisha kwa nguvu. "Eeeee! Kifaru ametuzidi!"

"Fundiii!" ikanguruma sauti nyuma ya boma. "Fundi Nyaniii!"

Nyamizi akaitwa ndani. Kiboko aliketi mbele ya turubai, tope likimtiririka. Hakumkumbuka kuwa ndiye mjane wa mtoni. Kwake digidigi wote walikuwa mmoja. "Huo mluzi wa Kifaru," akasema, "mfundishe fundi wangu."

Nyamizi akavuta pumzi. Wa kwake yeye ulikuwa mwembamba mno, usingefika mbali. Akaupiga kama alivyoupiga Maduhu, wa kwanza mrefu, wa pili ukipanda, wa tatu ukikatika ghafla. Ziiik. Ziik! Zik.

Kiboko akafumba macho. "Rudia. Hapo mwisho, panapotetemeka. Fundi, umepasikia? Pana utukufu pale."

Akarudia. Fundi Nyani alichonga filimbi. Akaiunga na magurudumu: gurudumu likizunguka, filimbi inalia. Hapakuwa na namna ya kuizima.

Siku ya kutoa gari ikafika. Turubai likavutwa, fwaaa! Watu wakanyoosha shingo. Lilikuwa jeusi, laini kama jiwe la mtoni, halina mdomo kwa kuwa halihitaji kupumua. Macho yake hayakuwa membamba. Yalikuwa mstari mmoja wa taa, kutoka bega hadi bega. Hakuna aliyeyapatia macho hayo. Hata Maduhu hakuyapatia. Na lilikuwa zuri, watoto wangu, siwafichi. Nyamizi alilitazama akaona kuwa ni zuri, na hilo lilimuuma kuliko kama angelikuta ni baya.

Kiboko akaingia. Gari likaondoka.

Ziiik! Ziik! Zik!

Barabara ikawa tupu. Swala kichakani, kanga mtini, ngiri shimoni. Kiboko akacheka hadi viti vikacheza. "Heshima hiyo! Mnaiona heshima hiyo?"

Akaenda penye viazi. Ziiik! Akakuta mashimo. Akaenda penye mtama. Ziiik! Akakuta ghala limefungwa na uwanja umefagiwa. Asubuhi alizunguka, jioni alizunguka, mashavu yakaanza kumning'inia.

"Fundi," akasema, "heshima imezidi. Watu hawathubutu hata kula mbele yangu."

"Ndiyo gharama ya ukubwa, Bwana Mkubwa," akasema Fundi Nyani.

Bonde likashiba. Hakuna aliyegongwa tena. Watu wakamletea Nyamizi viazi na mtama, wakamwita mama wa barabara.

Lakini nyumbani kwake palikuwa na jambo. Siku ya kwanza filimbi ilipolia, Kabula aliinua masikio, akaruka, akakimbia. Wenzake wote walikimbilia kichakani. Yeye alikimbilia barabarani.

"Baba! Baba!"

Nyamizi alimdaka miguu yake ya mbele ikiwa imekwisha kukanyaga njia. Gari likapita, fyuuu, na mluzi juu yake. Kabula akaufuata kwa macho hadi ukapotea.

Kesho yake, hivyohivyo. Keshokutwa, hivyohivyo. Nyamizi alimweleza. Alimwonyesha kaburi. Alimwambia ni filimbi, ni kijiti kilichotobolewa. Kabula alisikiliza vizuri, akakubali, kisha mluzi ukalia akaruka tena. Jioni moja akauliza, "Mama, mbona anatuita halafu hasimami?"

Nyamizi akamvuta karibu. Yeye mwenyewe, kila mluzi ulipolia, miguu yake ilimwambia akimbie na moyo ulimwambia aende.

Akafunga mzigo. Kanga akaja mbio. "Mama Kabula, usihame! Umetuokoa sote."

"Nimeona. Nafurahi."

"Sasa unakimbia nini?"

"Nyinyi mkisikia, mnasikia gari," akasema Nyamizi. Akamwinua Kabula, akaondoka.

Walikwenda hadi kwenye vilima vya mawe, ambako tairi halipandi. Pimbi wanaoishi kwenye mawe yale waliwapokea, wakawapa pango kavu. Nao walikuwa wamesikia habari, wakamzunguka. "Tuambie, dada! Hilo gari la Kiboko likoje?"

Akawaambia rangi yake. Akawaambia taa zake. Pimbi wakasema, "Eee!"

"Na linalia vipi?"

Nyamizi akafungua kinywa. Kabula alikuwa amelala, kichwa juu ya mguu wa mama yake, masikio yametulia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Huku halitafika," Nyamizi akasema. "Niambieni mimi. Maji mnateka wapi?"

Basi kisa nimekitua, mgongo umepata nafuu.
— Tumekipokea, bado kimelowa!
Kianikeni wenyewe, mimi nakwenda kulala.
— Na funzo lake?

Funzo lake, watoto wazuri, ni hili: msibahatishe mambo ya wakubwa msiyoyaona, maana maneno hayajawahi kumsaidia mdogo. Na gari la mkubwa likipita linapiga mluzi, simameni kwa heshima.

Ila simamieni kichakani.