Mkono wa Mfalme katika Ubao wa Saba

Mwenye mali mmoja, jina lake Eliakimu, alirithi kitabu cha hadithi za kale chenye picha zilizochorwa kwa mkono. Picha moja aliipenda kuliko zote: mfalme amesimama mlangoni pa ghala wakati wa njaa, mkono ameunyoosha, na katika kiganja kilichofunguka mna konzi ya mtama. Njaa ilipoingia katika nchi yake, Eliakimu alifungua maghala saba kando ya njia kuu, akaagiza picha ile inakiliwe juu ya mbao saba, ubao mmoja kwa kila mlango, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba hapo anakaribishwa.

Kazi hiyo alimpa Obedi, mchoraji mwaminifu, akamwachia ufunguo wa sanduku la kitabu. Agizo lilikuwa moja: kabla ya kila ubao anawe mikono, akifungue kitabu, aisome hadithi yote kwa sauti hadi mwisho, ndipo ashike brashi. Kisha Eliakimu akasafiri kwenda kutafuta nafaka zaidi.

Ubao wa kwanza Obedi aliuchora kama alivyoagizwa, na mfalme wake alipendeza. Lakini kusoma kulikula nusu ya asubuhi, na huko njiani watu walikuwa wakianguka. Moyo wake ukamwuliza: je, ni haki kukaa unasoma wenzako wakifa? Wala haukuwa moyo mbaya. Akaliacha sanduku limefungwa, akausimamisha ubao wa kwanza mbele yake, akachora wa pili kwa kuutazama huo. Na kwa kuwa kila ubao uliokauka ulichukuliwa upesi kwenda mlangoni pake, wa tatu aliunakili kutoka wa pili, na wa nne kutoka wa tatu.

Ubao wa tatu ulikuwa mwembamba, akavikunja vidole kidogo ili vienee. Katika wa nne punje za mtama zilishikana zikawa doa moja. Katika wa tano rangi nyeusi ilizidi juu ya nyusi. Ubao wa sita ulikuwa mrefu, akaupandisha mkono hadi juu ya bega. Kila ubao ulifanana sana na ule uliotangulia, na hilo ndilo lililomdanganya.

Alipokuwa akiumalizia wa saba, jirani yake Dorkasi, mfinyanzi, alichungulia akasema, "Fundi, huyu mfalme wako amegombana na nani leo? Mbona amenuna hivyo?"

Obedi akacheka. "Jua limempiga, mama." Akaendelea na kazi.

Ulipopita mwezi, mlinzi wa ghala la saba alituma neno: "Mtama wangu umeingiwa na wadudu wa fukusi. Watu wanafika, wanatazama, wanageuka." Obedi akaingiwa na hofu asiyoweza kuitaja. Akafungua sanduku, akakifunga kitabu ndani ya kitambaa bila kukifunua, akaondoka kwa miguu. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba kosa ni la mlinzi. Ghala lile lilikuwa la mwisho njiani. Mbele yake hapakuwa na jingine, ila jangwa.

Alipokaribia, alimwona mwanamke akija, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mwanamke akautazama ubao kwa mbali, akainama ghafla, akamfunika mtoto kichwa kwa kanga yake, akapita kando haraka.

Obedi akapaza sauti, "Dada, ingia! Chakula kipo, ni cha bure!"

Mwanamke hakusimama. "Kaka, mdomo wako unatuita, lakini mwenye nyumba ameinua jiwe. Wanangu niwaingize kwa nani?"

Ndipo Obedi akainua macho, akaiona kazi ya mikono yake. Mfalme alikuwa amefumba ngumi juu ya bega, uso umekunjamana, na ndani ya ngumi mna kitu cheusi cha mviringo. Akakifungua kitabu, na tazama, kiganja kilikuwa wazi, na mtama ulikuwamo, kama ulivyokuwamo tangu mwanzo. Akamkimbilia yule mwanamke, kitabu kimefunuliwa kifuani pake, huku akilia. Mwanamke akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya kile kiganja. Akarudi, na wanawe wakala.

Obedi akaung'oa ubao wa saba, akamwuliza mlinzi, "Ni wangapi waliogeuka?"

Mlinzi akasema hajui. Siku za kwanza alikuwa akiwahesabu, kisha aliacha kutazama.

Ndugu zangu, sisi tuliowekwa kuionyesha sura ya Bwana kwa wenye njaa, tusijifariji upesi kwa mama huyu mmoja aliyefuatwa akarudi. Obedi hakuwa mvivu, wala hakuwa mwizi. Alikuwa na bidii kuliko wengi wetu, na bidii yake ndiyo iliyomnyima nafasi ya kukifungua kitabu. Basi wale waliokwisha kupita mlangoni petu wakidhani Mungu ameshika jiwe, ni nani kati yetu atakayewafuata jangwani leo, kabla jua halijawamaliza?