Jua Halipigi Hodi

Jua halipigi hodi. Methali hii ilianza hivi, kama Bi Salhina alivyowaeleza wajukuu zake siku alipowakuta wamemfunika kitoto kichanga gubigubi chumbani. Aliwatamkia maneno hayo, nao wakamwuliza yametoka wapi.

"Kwanza fungueni mlango huo," alisema. "Mnalea mtoto au mnaivisha ndizi?"

Zamani hizo mji wao wa mawe ulikuwa mji hasa. Nyumba zilibanana, kila moja ikiwa na dari, yaani paa la bapa lililo wazi, na vichochoro vilikuwa vyembamba hata punda wawili hawakupishana. Juu ya vichochoro palijengwa wikio, chumba kilichovuka njia kama daraja na kuunganisha nyumba na nyumba. Mwanamke aliweza kwenda kunywa kahawa kwa shoga yake bila kukanyaga barabara. Harufu ya udi na asumini ilimpokea kila alikoingia. Raha ilioje!

Katika mojawapo ya nyumba hizo Batuli alimzaa Twalibu, ambaye ndiye babu wa wajukuu hao. Kabla yake Batuli alikuwa amezika watoto wawili, na mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, aliapa kwamba huyu jicho la hasidi halitamwona. Arobaini ilipotimia, siku ya kumtoa mtoto nje, Bi Mwanakombo alisema, "Bado." Mwezi uliandama, mwingine ukaandama, na jibu likawa lile lile. Twalibu alizungushwa mtaa mzima kwa kupitia wikio, akapakatwa na kila shoga aliyeaminika, akanenepa, akasifiwa. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto yule hajapata kupigwa na jua.

Wenzake wakaanza kusimama dede. Yeye akisimamishwa, miguu ilipinda na akalia kwa maumivu. Kila akimsikia, Batuli aliwakumbuka wale wawili aliowazika. Mwishowe alimficha ndani ya buibui, akampeleka hospitali.

"Mifupa yake ni laini kwa kukosa vitamini D," daktari alimwambia. "Endelea kumnyonyesha, lakini maziwa yako pekee hayampi ya kutosha. Mpe matone haya kila siku, na asubuhi mtoe juani, miguu wazi."

"Atatembea?"

"Ukianza sasa, atatembea."

Batuli alirudi mbio. Bi Mwanakombo aliigeuzageuza ile chupa ndogo, akairudisha.

"Matone mpe. Kumtoa nje, la! Madari yote ya mtaa huu yana macho."

"Na jua, mama?"

"Jua ni la Mungu. Tutalifungulia dirisha."

Asubuhi yake alifungua madirisha yote, akaketi kitandani na mjukuu mapajani. Mwanga ulikuwa juu ya ukuta wa jirani. Ulishuka polepole, na ulipokaribia dirisha Bi Mwanakombo aliinuka, akaitoa miguu ya mtoto dirishani. Mwanga ukakomea pale pale ukutani, kisha ukaondoka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa pia.

"Halijaingia, mama?" Batuli aliuliza akiwa mlangoni.

Bi Mwanakombo alikuwa akiipapasa miguu ile iliyopinda, na machozi yalimlengalenga.

"Niliingia chumba hiki bibi harusi," alisema. "Nimezalia humu, nimezeekea humu, na sikupata kujua kwamba jua hupita mbali. Nimekaa nalingoja kama mgeni! Jua halipigi hodi, mwanangu. Lete wanja."

Alimpaka mtoto wanja uso mzima, akawa mweusi kama sufuria ya kuni, ili hasidi akose cha kusifu. Kisha akampandisha darini mwenyewe na kumvua nguo. Twalibu alikunja uso, akapiga chafya, akacheka. Batuli alikaa chini akalia.

Tangu hapo matone hayakukosa, wala dari. Mashoga walipouliza, Bi Mwanakombo aliwajibu kwa maneno yale yale, na maneno yakapita kwenye wikio upesi kuliko hata umbea. Asubuhi madari yakajaa watoto waliopakwa wanja. Miguu ya Twalibu ikakaza, akasimama, akatembea. Wa kushoto ulibaki na kijipindo, ndiyo maana babu yao hutembea kama mwenye maringo.

Bi Salhina alipoolewa na Twalibu katika nyumba ile, alimkuta Bi Mwanakombo ni mkongwe, magoti hayapandi tena ngazi. Kila asubuhi Twalibu alichuchumaa kando ya kitanda, akambeba bibi yake mgongoni.

"Niache nilale, baba," bibi alinung'unika. "Leo jua litanifuata humu humu."

Twalibu alishika ngazi kwa miguu ile ile, akapanda naye taratibu, akimjibu, "Bibi, jua halipigi hodi."