Makande ya Benchini

Kochi hulaza, halisindikizi. Mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi, alipomkataza ndugu yenu Nasemba kulipia ile kadi ya ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, na mmecheka mkidhani kaitunga mwenyewe. Hakuitunga. Tulieni, chanzo chake ni hiki.

Alikuwako fundi mitambo wa mgodini, Elinami, Mpare asiyependa kitu kipotee bure. Kila baada ya wiki sita alipanda ndege Dar es Salaam kurudi kazini Mwanza, na kila mara mama yake alimsindikiza. Wakifika uwanjani hukaa kwenye benchi la nje, mama akafungua hotpoti la makande, wakala na kuzungumza habari za Ugweno na za watu waliokufa zamani, mpaka abiria waitwe.

Mwaka mmoja Elinami akalipia uanachama wa ukumbi wa mapumziko, ule wenye zulia na makochi. Tangu hapo kila dakika ya benchini ilimuuma, maana kochi lilikuwa ndani na ada ilikwisha kwenda. Akawa anafika saa tatu kabla ya safari. "Haya mama, nenda kapumzike," husema mlangoni, kisha huyo anaingia kufaidi haki yake.

Na alifaidi, tusimwonee. Mle ndani hatua za watu zilizama zuliani. Mwanga ulipita kwenye vioo vyeusi ukawa na rangi ya chai, na ndege zilipaa bila kelele. Elinami hulala nusu usingizi, akaota ni mtoto tena, yuko mgongoni mwa mama, wanateremka mlima kwenda gulioni. Hakutaka ndoto ile iishe.

Siku ya mwisho ya kadi, dada wa mapokezi akamjia taratibu.

"Kaka, mwaka wako unaisha leo. Nikuongezee mwingine?"

Elinami akajinyoosha, akageukia dirishani akipima jibu. Chini, kwenye benchi lilelile, alikuwa ameketi mama yake na hotpoti mapajani. Akadhani bado anaota. Akampungia mkono, lakini aliye nje haoni kitu kupitia kioo kile. Akapiga simu.

"Mama, mbona hujarudi nyumbani?"

"Nirudije na ndege haijaruka? Msindikizaji hamwachi msafiri njiani."

"Huwa unakaa hapo kila safari?"

"Kila safari, baba. Nikishaiona imepaa ndipo naondoka."

"Na makande?"

"Huwa nawapa walinzi. Wewe pumzika, kochi lisije likapotea bure."

Elinami aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Akamwambia dada wa mapokezi basi, imetosha, akachukua begi lake akatoka nje. Ilibaki saa nzima kabla ya safari, na makande yalikuwa bado ya moto.

"Umeliacha kochi lako?" mama akamuuliza, akisogea kumpa nafasi.

"Kochi hulaza tu, mama. Halisindikizi."

Mama akacheka, akampa kijiko.

Safari tatu zilizofuata walikula pamoja pale. Kabla ya safari ya nne, walimzika mama kwao Ugweno. Siku ya safari hiyo Elinami alifika uwanjani saa tatu kabla, kwa mazoea, akaketi benchini peke yake, upande wake uleule, upande wa pili akauacha wazi. Mlinzi mmoja, aliyewahi kula makande yale na aliyekwisha kusikia habari za msiba, akamsogelea.

"Pole sana, kaka. Jua kali hili. Ndani si kuna makochi?"

"Yapo, afande," Elinami akajibu. "Lakini kochi hulaza, halisindikizi."

Mlinzi akaketi ule upande uliokuwa wazi, wakakaa wote wawili mpaka abiria walipoitwa.