Mkono wa Yehaleli Ndani ya Mfuko wa Kura

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika siku zile Walawi walipokuwa wakigawanywa kwa zamu za utumishi Hekaluni, alikuwapo mzee mmoja kipofu aitwaye Yehaleli, mtu wa sala na wa maneno machache. Kazi ya kupiga kura alikabidhiwa yeye, maana watu walisema: asiyeona hana wa kumpendelea. Kila nyumba ilileta jiwe lake lenye alama ya wino, mawe yakatiwa mfukoni, naye mzee hutia mkono na kutoa. Jiwe likishatoka, hakuna wa kunung'unika.

Ikafika siku ikabaki zamu moja tu ya waimbaji. Nyumba ambayo jiwe lake lingetangulia kutoka ingesimama na vinubi karibu na madhabahu. Zilizosalia zingelinda malango, wao na watoto wao baada yao. Miongoni mwa nyumba hizo ilikuwamo ya Yehaleli mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Mikloti, alikuwa na sauti ambayo majirani waliacha kusaga ili waisikie, na tangu utotoni hakuomba jambo jingine duniani. Baba yake naye, tuseme kweli, alilitamani jambo hilo kuliko mwanawe. Kwa mtu aliyepofuka, sauti ile ndiyo iliyokuwa nuru ya nyumba.

Pelatia, mkuu wa nyumba nyingine, akanong'ona kwa namna ya kusikika, "Mcheza kwao hutunzwa."

Watu wakacheka chini kwa chini. Mkuu wa zamu akamkemea, "Mzee huyu haoni. Atamtunza nani?"

Yehaleli akatia mkono. Vidole vyake vikapita juu ya mawe ya kijito, yote laini, yote sawasawa. Kisha vikagusa moja lenye vitundu na ukingo uliovunjika, akalijua papo hapo. Kilikuwa kipande cha jiwe la kusagia la marehemu mkewe. Macho yake yalipozimika, kazi aliyoweza kumsaidia mkewe ilikuwa kusaga, na miaka mingi mikono yake ilizunguka juu ya jiwe lile.

Kulitoa ilikuwa kufumba vidole tu, na nani angejua? Akaliacha, akashika jingine ili zamu iende kwa nyumba ya mwenzake. Hapo akaona kwamba hiyo nayo ni hila, kwani angekuwa amemnyima mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, wala si kwa kura. Mja wa Mungu yule alikuwa amekwisha kujua, na hakuwa na njia ya kutojua tena.

Akautoa mkono mtupu.

"Ndugu zangu, niwieni radhi," akasema. "Jiwe la nyumba yangu nimelijua kwa kuligusa. Macho yangu yamekufa, lakini mkono wangu unaona. Libadilisheni jiwe letu, na mfuko mpeni mtu mwingine."

Mkuu wa zamu alikuwa amechoka na jua. "Mzee wetu, uaminifu wako tunaujua. Toa lolote, sisi tutaridhika."

"Nyinyi mtaridhika, bwana wangu. Lakini kura hii si yenu, wala si yangu."

Basi jiwe likabadilishwa kwa la kijito, na mfuko akapewa Pelatia yule yule, uso ameugeuza kando. Likatoka jiwe la nyumba ambayo siku nzima hakuna aliyeitaja. Pelatia akaenda malangoni, na nyumba ya Yehaleli ikaenda malangoni.

Mikloti heshima hakuipunguza: alimwandalia baba yake chakula, akamshika mkono njiani. Ila nyumbani hakuimba tena, na hilo lilimuumiza mzee kuliko upofu. Hata hivyo hakumlaumu wala hakumbembeleza. Alisubiri, mavuno yakaja yakapita.

Ikawa alfajiri moja, baba na mwana wamesimama kwenye lango la kaskazini, na kutoka ndani zikasikika sauti za waimbaji wakianza. Mikloti akashindwa kujizuia.

"Baba, lile jiwe halikuja mkononi mwangu kwa bahati. Nililileta makusudi. Nilijua utalitambua."

"Najua, mwanangu. Vipande vya jiwe lile la kusagia nilivifukia mwenyewe nyuma ya nyumba mama yako alipofariki. Mtu anayetafuta jiwe lolote hachimbi."

"Ulijua palepale, mbele ya watu wote? Mbona hukunitaja?"

"La mkono wangu lilinipasa kulisema siku ile ile," akajibu mzee. "La mkono wako nilikungoja wewe."

Mikloti akaangua kilio, akaishika miguu ya baba yake. Muda wa kufungua ulipofika akainuka, akaliegemea lango kwa bega, na alipokuwa akilisukuma akaimba. Yehaleli akaketi kwenye kizingiti, akasikiliza hadi mwisho.

Wapenzi waumini, kosa letu tuliungame upesi, na la mwenzetu tulisitiri mpaka apate nguvu ya kulisema. Wazee wanasema wenye kusali walizoea kuwahi kwenye lango lile kabla halijafunguliwa, na kwamba daima walimkuta kipofu mmoja amewatangulia.