Bi Sihaba na Kobe Mchanga

Paukwa!

*Pakawa!*

Aka! Nani huyo kaitika huku anapiga miayo? Nitakaa na hadithi yangu mimi. Tena. Paukwa!

*Pakawa!*

Haya, sasa nimesikia watu. Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mkunga. Jina lake Bi Sihaba. Mfupi, mkavu, sauti kubwa. Kila aliyezaliwa pale alipokewa na mikono yake. Jumbe mwenyewe akijitutumua barazani, Bi Sihaba alimtazama tu, na jumbe akanywea. Alijua: huyu mama amewahi kunishika miguu juu, kichwa chini.

Bi Sihaba alikuwa na sheria moja kwa wazazi. Mtoto akizaliwa, ndani. Siku arobaini. Jua lisimwone, jicho baya lisimwone. Afunikwe, apate joto la moto. Na hakuna mama aliyethubutu kumbishia.

Basi palikuwa na mwanamke kijana, Mwanjaa, mke wa Pazi. Mwanjaa alizaa mtoto wa kiume, na siku ya kumi na mbili mtoto akafa. Jamani. Mwanjaa hakulia sana. Alifunga mlango. Mwezi ukapita, mlango umefungwa. Wa pili ukapita, mlango umefungwa. Majirani wakapiga hodi, hodi, hodi, wakachoka. Pazi akawa anasonga ugali mwenyewe, nusu mbichi nusu umeungua, na anakula peke yake.

Siku moja Pazi yuko shambani analima. Jembe linasema ti! ti! ti! Udongo ukafunuka, kikachomoza kitu. Kobe mchanga, ametoka yaini siku ile ile, hazidi kokwa la embe. Pazi akamtia kiganjani, akampelekea mkewe. Mwanjaa akatazama. Kobe akatoa kichwa. Mwanjaa akanyoosha mkono.

Na akamlea! Akamlea vile alivyofundishwa kulea. Akamviringisha kanga, akamlaza gizani kando ya moto. Akamtilia maziwa ya mbuzi mdomoni, tone, tone, tone. Akampikia uji wa mtama. Siku ya tano, kobe hali. Siku ya nane, hafumbui macho. Siku ya kumi na moja, gamba likiguswa linabonyea.

Mwanjaa akamwambia mumewe, "Kamwite Bi Sihaba, kimbia. Huyu naye akinifia, mimi humu ndani sitoki tena. Mtanitoa nimebebwa."

Pazi akakimbia. Bi Sihaba akaja. Akamgeuza kobe, akamnusa, akambonyeza.

"Mjukuu wangu," akasema, "watu nimewapokea mpaka siwakumbuki. Kobe sijapokea hata mmoja. Sijui."

Mnasikia? Mtu mzima, kichwa chote mvi, kasema sijui! Mimi namjua mmoja hapa ambaye angekufa kabla ya kulitamka neno hilo, na simtaji.

"Basi atakufa?" Mwanjaa akauliza.

"Nimesema sijui. Sikusema atakufa. Nipe leo tu."

Bi Sihaba akaenda kichakani nyuma ya mashamba, akatafuta kobe mkubwa, akampata. Akapiga magoti. Akamfuata, bibi wa watu, kobe mbele, yeye nyuma, kwaru, kwaru, kwaru, huku anaimba. Nanyi imbeni:

*Kobe, kobe, nionyeshe,*
*mwanao hali, nifunze!*

Watu wakaacha majembe, wakaja kutazama. "Bi Sihaba karudi utotoni!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Pazi akaona haya.

"Bibi, inuka, watu wanakuona."

"Waache waone. Wewe niletee maji ya kunywa, na usinikanyagie majani yake."

*Kobe, kobe, nionyeshe,*
*mwanao hali, nifunze!*

Yule kobe mkubwa kwanza hakula kitu. Alikaa juani. Akakaa, akakaa, mpaka mgongo ukamuuma Bi Sihaba. Ndipo akaanza. Mchicha pori, kru, kru. Ua la boga, kru, kru. Mahindi yaliyoanguka aliyapita bila kugeuza shingo. Akakuta gamba la konokono lililokauka, akalivunja, kra! akalila. "Ahaa," akasema Bi Sihaba, "kumbe gamba hulishwa gamba." Jua lilipokuwa kali kobe akajisogeza kivulini. Jioni akaingia kwenye kidimbwi, maji hayamfiki shingoni, akanywa bila haraka.

Asubuhi yake Bi Sihaba alifika kwa Mwanjaa na majani mkononi, na unga wa gamba la konokono, na sahani ya udongo yenye maji kidogo. Hakuingia. Alikaa uani.

"Mlete nje."

"Nje? Bibi, arobaini haijaisha!"

"Arobaini ni yetu sisi. Kobe hana. Yeye asipoota jua, chakula hakimpandi. Mlete."

Mwanjaa akaja mpaka mlangoni, kobe kifuani, akasimama.

"Siwezi," akasema. "Yule wangu nilimtoa. Siku ya kumi na moja. Nilitaka kumwona uso kwenye mwanga, nikasimama naye hapa hapa mlangoni. Siku ya pili yake akafa. Nimemuua, bibi. Sijamwambia mtu."

Bi Sihaba aliinuka. Sauti yake kubwa ile haikuwepo tena.

"Mwanangu, nisikilize. Mtoto yule alizaliwa na kifua kibovu. Nilikisikia kikikoroma mara tu nilipompokea, nikanyamaza, nikasema labda kitapona. Si mlango uliomuua. Ulimwona uso wake?"

"Nilimwona."

"Umefanya vizuri. Aliyekosea ni mimi, niliyekuacha miezi yote hii na jambo hili peke yako. Nisamehe."

Mwanjaa akalia. Sasa ndipo akalia, kilio chote kilichokuwa kimebaki, na Bi Sihaba akalia naye. Kisha mguu mmoja ukavuka kizingiti. Kisha wa pili.

Siku ile kobe hakula, alilala tu juani. Siku ya pili walimwogesha kwenye sahani, akafumbua jicho moja. Siku ya tatu Mwanjaa alimkatia mchicha pori vipande vidogo vidogo, akaunyunyizia unga wa gamba la konokono, akamwekea chini, akangoja. Akangoja. Akangoja.

Kru.

Kru, kru.

Pazi alikuwa anarudi kutoka shambani. Alimwona mkewe amekaa uani mchana kweupe, miguu ameinyoosha, vidole vya kijani kwa majani. Mwanjaa akainua kichwa akamwita, "Baba, njoo uone anavyokula!"

Pazi akatua jembe, akaja akakaa naye.

Basi wanangu, mimi nasema hivi: umpendaye usimpe tu kile unachojua kutoa. Mtazame kwanza yeye anahitaji nini, hata kama ni kwa magoti, na kama hujui, sema hujui.

Hadithi yangu imeishia hapo, siongezi hata neno.